Mafumbo ya mbao ya silabi na herufi: kuyatengeneza na kuyatumia na mtoto anayeanza kusoma

Vibao vingi vya herufi vinavyouzwa madukani vimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Vina q na x ambazo Kiswahili hakizitumii, vina c inayosimama peke yake wakati sisi tunaihitaji ikiwa imeshikana na h, na mara nyingi kila herufi iko moja tu. Hata seti ya Kiingereza ya Scrabble (mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi), yenye vipande vya kutosha, ina e 12 lakini k moja. Mtoto akitaka kuandika kuku, kaka au kikombe, anakwama kabla hajaanza.

Tofauti kubwa zaidi iko ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na silabi zake karibu zote huishia na irabu. Mtoto wa miaka minne husikia ba-ta kwa urahisi kuliko anavyosikia b-a-t-a. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vipande vya silabi, halafu ndipo zije herufi moja moja. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili nchini Tanzania, tangu ulipoelekezwa kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mwaka 2015, nao unapita njia ya sauti, silabi, neno, kwa hiyo kinachochezwa nyumbani hakitagongana na kinachofundishwa shuleni.

Silabi 20 za kuanzia

Herufi za konsonanti za Kiswahili ni 19 ukihesabu ch kama moja. Ukizizidisha kwa irabu tano unapata silabi 95, hapo hujagusa sh, ny wala ng'. Usizitengeneze zote. Mtoto akimwagiwa vipande 95 mezani atavipanga kama matofali tu. Anza na hizi:

ma, ka, ta, ba, ki, ti, tu, ku, pa, li, la, bi, bu, me, za, ko, be, so, to, m

Ongeza kipande cha pili cha ma, ka, ba, bi, ku na la, kwa sababu kuna mama, kaka, baba, bibi, kuku na lala. Jumla ni vipande 26. Kwa vipande hivyo mtoto ataunda mama, baba, kaka, bibi, babu, kuku, bata, paka, kobe, kiti, meza, mti, mtu, tatu, soko, koti, bati, kitabu, kabati, soma, lima, lala, kula, kata, taka, tuta na mali. Hayo ni maneno 27, na karibu yote mtoto anayasikia nyumbani kila siku.

Herufi moja moja utazikata siku hiyohiyo ili kuokoa kazi, lakini ziweke kabatini mpaka wakati wake. Hesabu inayotosha mtoto mmoja au wawili ni hii: a 5, i 4, u 4, e 3, o 3, k, m na n 3 kila moja, b, d, p, t, l na s 2 kila moja, f, g, h, j, r, v, w, y na z 1 kila moja. Hizo ni 49. Halafu kata ch, sh, ny, ng', th, dh na gh, kila moja kwenye kipande chake kimoja kipana. Usiandike c kwenye kipande kimoja na h kwenye kingine. Ch ni sauti moja, na mtoto anayeiona imekatwa vipande viwili ataitafuta sauti ya c ambayo haipo.

Mbao ya kutumia

Plaiwudi ya milimita 12 ndiyo rahisi kwa anayeanza. Haipindi ovyo, haipasuki kwa kufuata nyuzi, na unene wake unakaa vizuri kwenye vidole vya mtoto. Huhitaji ubao mzima wa futi 8 kwa 4, robo itabakiza. Mafundi wengi wana mabaki pembeni ya karakana, ila kabla ya kununua pinda ubao kidogo kwa mikono usikilize. Ukilia kama unaachana, gundi ya ndani imekufa na tabaka zitafunguka mtoto akianza kuulamba.

Mbao za paini, kama zile za Sao Hill huko Mufindi, ni nyepesi na zinakatika vizuri, lakini chagua zilizokauka na zisizo na vifundo. Paini mbichi ikikauka ndani ya nyumba hujikunja, na utomvu wa kwenye kifundo hupenya hata juu ya rangi. Mninga na mvule hutoa kipande kizuri, kizito na cha kudumu miaka, ila vumbi lake huwasha macho na kifua, kwa hiyo vaa barakoa na kata nje. Mkaratusi uache, hupasuka ncha. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) hukatika laini sana, lakini ikilowa mate huvimba na hairudi ilivyokuwa. Kwa mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni haifai.

Kagua pia matundu madogo yenye unga mweupe. Huyo ni bungua, na akiingia nyumbani kwenye fumbo ataendelea na kitanda.

Kukata vipande

1. Plaiwudi ina upana wa sentimita 122. Kata kanda nne kwa upana huo, kila moja sentimita 4. Msumeno wa kawaida hula milimita 2 hadi 3, kwa hiyo pima kila ukanda baada ya kukata ule uliotangulia. Ukichora mistari yote minne kwa mkupuo, ukanda wa mwisho utakuwa mwembamba.

2. Kanda mbili zikate vipande vya sentimita 6. Kila ukanda unatoa vipande 19, jumla 38. Unahitaji 26 vya silabi na 7 vya ch, sh na wenzake. Vitano vinabaki akiba.

3. Kanda mbili zilizobaki zikate vipande vya sentimita 4. Kila ukanda unatoa 28, jumla 56. Herufi ni 49, saba ni akiba. Akiba utaihitaji, kwani kipande hupotea chini ya kochi au kwenda shuleni mfukoni kisirudi.

4. Kipande cha silabi m kipunguze kiwe sentimita 4. Kinakuwa kifupi kuliko silabi nyingine, na sababu yake tutaiona mbele.

Usipime kila kipande kwa rula. Funga kizuizi cha mbao sentimita 6 kutoka kwenye njia ya msumeno, sukuma ukanda mpaka ugonge, kata, sukuma tena. Kupima moja moja kunaleta vipande vinavyotofautiana milimita mbili tatu, na mtoto ataanza kukitambua kipande cha ba kwa urefu wake badala ya maandishi yake. Plaiwudi ikichanika upande wa chini wa msumeno, bandika selotepu ya karatasi juu ya mstari kisha kata kupitia hapohapo.

Kipimo cha sentimita 4 kina sababu. Majaribio ya usalama wa vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka mitatu hutumia kikombe chenye kipenyo cha milimita 31.7, na kinachozama humo chote kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Kipande cha sentimita 4 kwa 4 hakizami. Ukishawishika kupunguza kiwe sentimita 3 ili uokoe mbao, umeingia eneo la hatari.

Msasa

Anza na msasa namba 80 kwenye kingo, fuata 120 pande zote, malizia 240. Kingo na pembe ziwe duara la kama milimita 2. Ukidhani umemaliza, chukua pamba ya hospitali uipitishe juu ya kipande, polepole, pande zote sita. Panapobaki nyuzi nyeupe pana kibanzi. Kidole cha mtu mzima kina ngozi ngumu na hakikioni, cha mtoto kitakiona. Kwenye plaiwudi tatizo huwa ubavuni, pale tabaka la katikati linapoonyesha ncha za nyuzi, kwa hiyo hapo ongeza muda.

Kuandika herufi

Tumia herufi ndogo. Mtoto akifungua kitabu, sehemu kubwa ya anachokiona ni herufi ndogo, kubwa ziko mwanzoni mwa sentensi na kwenye majina. Chora a ya duara yenye mkia, ile inayoandikwa kwa mkono darasani, siyo ile ya vitabu yenye kofia juu. G nayo iwe yenye mkia mmoja uliopinda.

Chora mistari miwili kwa penseli kwenye kila kipande: wa chini milimita 13 kutoka ukingo wa chini, wa juu milimita 26. Mwili wa herufi ukae katikati ya mistari hiyo. Vichwa vya b, d, k, l, t vipite juu yake, na mikia ya g, j, p, y ishuke chini. Vipande vyote vikifuata mistari hii, neno litasimama sawa likipangwa. Visipofuata, p itaonekana imepanda juu kuliko a, na mtoto ataiga hivyo kwenye daftari.

Sasa kuna jambo dogo linaloharibu seti nyingi. Geuza n juu chini: imekuwa u. Geuza d: imekuwa p. Mtoto akikiokota kipande mezani hajui juu ni wapi, na hakosei anaposoma unu badala ya nun. Amesoma kilicho mbele yake. Dawa ni mstari. Choma au chora mstari mnene kwenye ukingo wa chini wa kila kipande, kutoka upande hadi upande, na mwambie mtoto kwamba herufi husimama juu ya mstari kama mtu anavyosimama sakafuni. Fanya hivyo hata kwa o, ambayo haina juu wala chini, maana mtoto anahitaji kanuni isiyobadilika.

Njia bora ya kuandika ni kuchoma. Chuma cha kulehemia cha wati 40 hadi 60 kinatosha. Weka ncha mpya isiyowahi kugusa risasi ya kulehemia, kwa sababu risasi ni sumu na inaweza kubaki kwenye herufi. Pitisha pole kwa mwendo mmoja. Ukisimama katikati unapata shimo jeusi. Usichome zaidi ya tabaka la juu la plaiwudi, ukifika kwenye gundi utasikia harufu kali. Kazi hii ifanyike nje, upepo ukitoka mgongoni mwako. Herufi iliyochomwa haifutiki, haina rangi ya kumezwa, na mtoto anaweza kuifuata kwa kidole, jambo ambalo lina faida yake lenyewe: Maria Montessori, aliyefungua darasa lake la watoto huko Roma mwaka 1907, alikata herufi za msasa kwa sababu hiyohiyo ya kuupa mkono nafasi ya kujifunza pamoja na jicho. Kama huna umeme, msumari mnene uliopashwa kwenye jiko la mkaa na kushikwa kwa koleo unaandika kwa vitone vilivyofuatana. Ni polepole lakini inawezekana.

Maka peni inavutia kwa wepesi wake, lakini wino wake huchuja ukikutana na mafuta au nta. Ukilazimika kuitumia, jaribu kwanza kwenye kipande cha akiba.

Rangi na nta

Irabu zipe rangi moja na konsonanti uziache na rangi ya mbao. Inatosha kupaka ubavu wa kipande. Mtoto ataona mwenyewe kwamba karibu kila silabi inamalizikia kwenye rangi.

Rangi ya ukutani au ya mageti iliyobaki ghalani usiitumie. Rangi za mafuta za zamani, hasa nyekundu, njano na chungwa, mara nyingi ziliwekwa risasi. Kiwango ambacho Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza kisivukwe ni sehemu 90 kwa milioni, na kopo lisiloandikwa chochote kuhusu risasi lichukuliwe kwamba inaweza kuwamo. Nunua rangi ya maji iliyoandikwa wazi kuwa inafaa vitu vya watoto, au usipake kabisa.

Juu ya mbao paka nta ya nyuki. Chukua sehemu moja ya nta safi kwa sehemu nne za parafini ya maji inayouzwa duka la dawa (siyo mafuta ya taa), ziweke kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo maji hayahitaji kuchemka, na kamwe usiiweke juu ya moto moja kwa moja, hushika moto. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya kujipaka. Paka kwa kitambaa, acha usiku mmoja, sugua kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya nazi na ya alizeti yanashawishi kwa kuwa yapo jikoni, lakini hukaa yakinata na baadaye hutoa harufu ya kuchacha. Mafuta ya karanga yaepuke kabisa, wapo watoto wanaodhurika na karanga.

Kibao cha kupangia

Kata ubao wa sentimita 30 kwa 8, gundisha kijiti cha sentimita moja kwenye ukingo wa chini, basi. Vipande vinalala juu ya ubao na kuegemea kijiti. Urefu huo unabeba herufi saba au silabi nne. Gundi nyeupe ya mbao iachwe imebanwa kwa saa 12.

Kwa walio chini ya miaka minne: herufi za kuchomoa

Hapa herufi yenyewe ndiyo kipande, inakatwa na kutumbukizwa kwenye nafasi yake. Ikate kwenye plaiwudi ya milimita 12, urefu sentimita 8, na mguu wa herufi usiwe mwembamba kuliko milimita 12. Fremu ikate kwenye plaiwudi ya milimita 6, halafu gundisha chini yake ubao wa milimita 3. Kwa kuwa herufi ni nene kuliko fremu, nusu yake inabaki juu na mtoto anaishika bila kishikio. Vishikio vidogo vya kugundisha ni adui: hung'oka, na kikishang'oka ni saizi ileile ya kukaba.

Angalia nukta ya i na ya j. Ikikatwa peke yake ni punje ya kumezwa. Iache imeungana na mwili kwa daraja la mbao, kisha chora pengo kwa kuchoma.

Nafasi iwe kubwa kuliko herufi kwa milimita moja kila upande. Jaribio lake ni kupindua fremu: herufi zote zidondoke zenyewe. Inayobaki imebana. Na ikiwa n inaingia kwenye nafasi ya u, nafasi zimelegea mno au herufi zako zimefanana kupita kiasi, ongeza mkia wa u. Mbao ya paini yenye upana wa sentimita 6 inaweza kutanuka karibu nusu milimita hewa ikijaa unyevu, kwa hiyo fumbo lisiloachiwa nafasi hiyo, likikatwa Dodoma wakati wa kiangazi, linaweza kugoma kabisa likifika Unguja wakati wa masika.

Herufi hizi zinaweza pia kugeuzwa mgongo, na hapo b inakuwa d. Paka rangi au nta yenye rangi upande mmoja tu.

Kosa kubwa la mafumbo ya picha na neno

Fumbo linalopendwa zaidi ni lile la picha ya juu na silabi mbili za chini zinazoshikana kwa meno. Paka: pa yenye jino, ka yenye pengo la jino lile. Kila neno likiwa na jino lake, mtoto hawezi kukosea, na mzazi anafurahi kwamba mtoto anasoma.

Geuza vipande vyote kifudifudi, mwambie aunganishe tena. Akiweza, hajawahi kuzisoma zile silabi. Alikuwa akisoma meno. Watoto ni wepesi mno kwa maumbo, na watatumia njia fupi waliyopewa.

Meno ya pekee yana kazi yake wiki ya kwanza au ya pili, mtoto anapojifunza kwamba vipande viwili vinatoa neno moja na kwamba kushoto ndiko kunakoanzia. Baada ya hapo toa vipande vya kingo zilizonyooka, vyote sawa, na kadi ya picha pembeni. Neno sahihi liandike nyuma ya kadi. Mtoto anapanga, anageuza kadi, anajisahihisha mwenyewe, wala hahitaji mtu wa kumwambia amekosa.

Picha nazo zinadanganya. Mchoro wa kuku mwenye upanga kichwani, mtoto wa kijijini ataita jogoo, na yuko sahihi. Kikombe chenye moshi kitaitwa chai. Mti wenye matunda utaitwa mwembe. Kabla ya kugundisha picha yoyote waonyeshe watoto watatu bila kusema neno, na wote wakiita jina moja ndipo uitumie. Karatasi ya picha igundishwe kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, ikandamizwe chini ya vitabu usiku mzima, kisha ipakwe gundi hiyohiyo juu mara mbili. Ukiruka kukandamiza, pembe hunyanyuka na mtoto hulichana lote.

Namna ya kucheza

Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha, maneno matatu hadi matano. Siku ya kwanza weka mezani ma, ka, ba na nakala zao, usiweke zaidi. Unda mama mbele yake ukitamka kila silabi unapoiweka. Mpe ba mbili. Subiri. Ukimya wa nusu dakika unaonekana mrefu kwa mtu mzima, lakini ndani yake mtoto anafanya kazi.

Ukifika kwenye herufi moja moja taja sauti, usitaje jina la herufi kwa Kiingereza. M ni mmm, siyo em. S ni sss. Anayefundishwa em na a hatafika kwenye ma kwa njia yoyote. Anza na m, s, n, l, f ambazo sauti yake inavutika mpaka ikutane na irabu. B, k, t hukatika ghafla, kwa hiyo zifuate baadaye.

Sehemu ya kushughulikiwa kwa muda mrefu zaidi ni kubadilishana nafasi. Kata: chukua vipande viwili, vibadilishe, imekuwa taka. Tatu inakuwa tuta. Lima inakuwa mali. Ukiongeza ra baadaye, bara inakuwa raba. Mtoto anayeona vipande vilevile vikitoa neno jingine ameelewa kwamba mpangilio ndio unaobeba maana, na jambo hilo ni gumu kumweleza kwa maneno. Usiseme jibu kabla yake.

Vibadilike pia kwa kipande kimoja: paka, toa pa weka ta, imekuwa taka, toa ta weka so, imekuwa soka. Ikitokea neno lisilo na maana, mwache alisome hadi mwisho. Kusoma mebi ni kusoma halali, na watoto hucheka sana kwa maneno ya namna hiyo.

M inayosimama peke yake

Mwalimu aliyezoea konsonanti kufuatwa na irabu hukwama kwenye mti, na mtoto huandika muti kwa kuwa ndivyo anavyohisi. Katika mti na mtu, m ni silabi kamili bila irabu. Ndiyo sababu ya kipande kifupi. Piga makofi: m-ti, mara mbili, kama ki-ti. Mtoto akiviona viko viwili viwili vyote, anakubali.

Ugumu unaofuata ni kwamba mb si ileile kila mahali. Simba ni si-mba, mbuzi ni mbu-zi, lakini mbu ni m-bu na mbwa ni m-bwa. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba neno likibaki na silabi moja tu, m au n ya mwanzo hujitenga na kuwa silabi: m-bu, n-chi, n-ge, n-ne. Mbuzi ina silabi mbili tayari, kwa hiyo mb yake inabaki pamoja. Usimkalishe mtoto kumsomesha kanuni hii, panga tu vipande kwa usahihi na makofi yafuate.

Ng' iwe na kipande chake chenye ile alama ya juu (') ya neno ng'ombe, alama iliyochomwa ikaonekana. Ng ya ngoma iundwe kwa n na g, herufi mbili. Mtoto akipanga ng'ombe kwa n na g, mwambie alitamke alichoandika, atasikia kosa.

Kwenye nyumba ambamo lugha ya mama haitenganishi l na r, mtoto atapanga kura akimaanisha kula. Usimgombeze. Weka picha mbili, sahani ya chakula na sanduku la kura, na vipande vya la na ra mbele yake, kisha tamka mojawapo achague picha. Sikio likizoea kuzitenganisha, mkono utafuata.

Kutunza

Andika nyuma ya kila kipande alama ya seti, nukta moja au mbili, hasa kama ni darasa lenye seti kadhaa. Seti moja itumiwe na watoto wasiozidi wanne. Shona mfuko wa kitenge wenye kamba, na hesabu vipande pamoja na mtoto kila mnapomaliza. Hapo na kuhesabu kunaingia. Vikichafuka, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa, usivitumbukize kwenye beseni. Anika kivulini, kwa sababu jua la saa saba hukunja plaiwudi. Nta irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne, na kila ukipaka pitisha tena ile pamba kwenye kingo. Kipande kilichofunguka tabaka kitupwe siku hiyohiyo, chukua cha akiba ukichome herufi yake.

Mtoto akishaanza kupanga majina ya watu wa nyumbani bila kuombwa, mpe herufi zote 56 na umwekee daftari na penseli kando ya kibao.